Mauti na Misukosuko: Namna ya Kuisikiliza Albamu ya Uzeeni ya Bob Dylan

Tarehe 19 Juni 2020, Bob Dylan, mwimbaji na mtunzi wa Marekani, alitoa albamu yake ya 39 ya studio, akaiita "Rough and Rowdy Ways". Alikuwa na umri wa miaka 79. Ugonjwa wa korona ulikuwa umewafungia watu majumbani, na wakati huohuo barabara za miji ya Marekani zilikuwa zimefurika waandamanaji, kwa sababu tarehe 25 Mei polisi mmoja wa Minneapolis alimuua George Floyd kwa kumkandamiza shingo kwa goti mbele ya watu waliokuwa wakimsihi amwachie. Minneapolis imo katika jimbo la Minnesota, alikozaliwa na kulelewa Dylan, na siku moja tu kabla ya mauaji hayo ndipo alipotimiza miaka hiyo 79. Haishangazi basi kwamba wasikilizaji wengi waliipokea albamu kana kwamba imeandikwa kwa ajili ya wiki zile.

Mapokezi hayo hayakukosa msingi, ila yaliwachanganya watu kuhusu kazi yenyewe. Nyimbo zote kumi zilikuwa zimekwisha rekodiwa kabla Floyd hajauawa, na ule mrefu kuliko zote ulitolewa peke yake tarehe 27 Machi, karibu miezi miwili kabla. Hakuna ubeti unaotaja ugonjwa, wala maandamano, wala kiongozi aliyekuwa madarakani wakati huo. Anayeifungua albamu hii akitafuta wimbo wa kubebea mabango atatoka mikono mitupu. Anayetafuta wasia wa mzee anayeaga dunia naye atababaika, maana atamkuta mtu anayejigamba, anayetongoza, anayetisha maadui, kisha ghafla anakiri kwamba ameishi kupita kiasi cha maisha aliyopangiwa.

Hapo ndipo penye fundo linalohitaji kufunguliwa. Tumezoea kuziweka nyimbo za kifo upande mmoja, kama jambo la mtu na nafsi yake, na nyimbo za misukosuko ya jamii upande mwingine, kama jambo la umma. Dylan hakubali mgawanyo huo. Katika albamu hii kifo cha mtu mmoja na kupasuka kwa taifa zima vinashughulikiwa kwa njia moja, nayo ni njia ya kale ya muziki wa jadi wa Marekani: kumtaja marehemu kwa jina, kusimulia alivyokufa, na kumkabidhi msikilizaji kumbukumbu hiyo aibebe. Anachokifanya ni matanga, na matanga hayo yana hoja ndani yake.

Inafaa kurudi mwaka 1963 ili kuona alivyofika hapo. Tarehe 28 Agosti mwaka huo, kijana Dylan wa miaka 22 aliimba Washington katika maandamano yaleyale ambayo Martin Luther King alitoa hotuba yake maarufu kuliko zote. Katika msimu uleule alitunga wimbo kuhusu Hattie Carroll, mhudumu mweusi wa hoteli ya Baltimore aliyefariki Februari 1963 baada ya kupigwa fimbo na kijana tajiri wa kizungu, ambaye mahakama ilimpa kifungo cha miezi sita tu. Ukiusikiliza kwa makini utaona ulivyojengwa. Unataja jina la aliyeuawa, jina la muuaji, silaha, kazi aliyokuwa akiifanya mama yule jikoni na mezani, na kila baada ya ubeti unamzuia msikilizaji asilie bado. Machozi yanaruhusiwa pale tu hukumu inaposomwa. Kilichomstahilia kilio Dylan ni kifo pamoja na uzito ambao jamii imeamua kukipa kifo hicho, na sijui wimbo mwingine wa miaka ile unaolisema jambo hilo kwa ufupi namna hiyo.

Kisha tarehe 22 Novemba Rais John Kennedy akapigwa risasi mjini Dallas. Wiki tatu baadaye, tarehe 13 Desemba, Dylan alialikwa kwenye karamu New York ili kutunukiwa tuzo na kamati ya kutetea haki za raia. Alikuwa amelewa, na katika hotuba yake akasema kwamba aliona kitu fulani cha nafsi yake ndani ya Lee Oswald, mtuhumiwa wa mauaji yale. Ukumbi ulimzomea. Kuanzia mwaka uliofuata alijitenga na nyimbo za kunyooshea watu vidole, na wengi waliokuwa wamemfanya msemaji wao hawakumsamehe. Mimi naona tukio lile la karamu linatoa mwanga juu ya albamu ya 2020, kwa sababu kijana yule, kwa maneno mabaya na kwa wakati mbaya, alikuwa anajaribu kusema kwamba mauaji yale hayakutoka nje ya jamii yake. Ilimchukua zaidi ya nusu karne kupata umbo linalofaa kwa wazo hilo.

Umbo hilo alilipata katika jadi. Msikilizaji anapoambiwa kwamba albamu ni ya foki, yaani ya muziki wa jadi, hutarajia gitaa kavu na sauti ya mtu mmoja, lakini hapa kuna bendi nzima, na nyimbo kadhaa ni bluzi nzito. Ujadi wake umo katika namna ya kutunga. Mtunzi wa jadi hachukulii kwamba wimbo ni mali aliyoizua kutoka hewani. Anachukua mdundo wa mmoja, mstari wa mwingine, hadithi iliyokwisha kuimbwa na watu watatu kabla yake, kisha anaongeza chake na kuupitisha mbele. Jina lenyewe la albamu limetokana na wimbo wa mwimbaji wa kantri Jimmie Rodgers wa mwaka 1929. Gitaa linalobeba "False Prophet" linafuata wimbo ambao mwanamuziki mweusi Billy Emerson aliurekodi Memphis mwaka 1954. Wimbo wa mapenzi unaotulia katikati ya albamu unaelea juu ya melodia ya mtunzi Mfaransa Offenbach, wa karne ya 19. Wapo wanaouita utaratibu huu wizi. Naelewa kinachowakera, hasa pale jina la mtunzi mweusi wa zamani lisipoonekana kwenye orodha ya watunzi, na hilo ni deni la kweli ambalo Dylan hajawahi kulilipa kwa uwazi unaotosha. Hata hivyo, ndani ya albamu hii kukopa kuna kazi maalumu. Rodgers alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1933 akiwa na miaka 35. Katika siku zake za mwisho za kurekodi alilazimika kujinyoosha kitandani studioni kati ya wimbo mmoja na mwingine, na siku mbili baada ya wimbo wa mwisho akafariki. Mtu anayeweka maneno ya Rodgers kwenye jalada la albamu yake akiwa na miaka 79 amekwisha kusema jambo kuhusu mauti kabla hata sauti haijasikika: mwimbaji huondoka, wimbo ukapata mwimbaji mwingine.

Jambo la pili linalowachanganya wasikilizaji ni huyo "mimi" anayeimba. Wimbo wa kwanza, "I Contain Multitudes", umechukua jina lake kwa mshairi Walt Whitman, aliyedai kwamba ndani yake mna umati. Unaanza kwa kukumbusha kwamba maua yanakufa kama vitu vyote vinavyokufa, kisha mwimbaji anajifananisha na Anne Frank, msichana wa Kiyahudi aliyekufa katika kambi ya Wanazi, na papo hapo anajilinganisha na Indiana Jones wa sinema na wanamuziki wa Rolling Stones. Wahakiki kadhaa walikunja uso kwa kuwaweka pamoja watu hao. Nadhani walimsoma Dylan kama mtu anayesimulia maisha yake, ilhali "mimi" wa nyimbo za jadi ni kiti ambacho kila mhusika hukikalia kwa zamu. Katika wimbo wa tatu "mimi" huyo anazunguka vyumba vya maiti na nyumba za watawa akiokota viungo ili aunde kiumbe hai, na katikati ya kazi hiyo ya kutisha anatazama nyuma na kuwaona wanawake na watoto wa Troya wakiuzwa utumwani. Ni wimbo mrefu kuliko inavyohitajika, lakini picha hiyo moja inatosha kuonyesha kinachomshughulisha: historia ya wanadamu ni rundo la miili, na mtunzi hana malighafi nyingine.

Nyimbo kama "Black Rider", ambao unaonekana kuzungumza na kifo chenyewe, na "Crossing the Rubicon" zina uzuri wake, ila haziongezi mengi kwenye hoja hii. "Mother of Muses" ndio unaostahili kukaliwa kitako.

Katika visasili vya Wayunani mama wa miungu wa sanaa ni Mnemosyne, naye ni kumbukumbu. Dylan anamwomba huyo mama amwimbie, jinsi washairi wa kale walivyoomba kabla ya kuanza utenzi. Ndipo unapokuja ubeti wa kushangaza: anaomba waimbwe majemadari, akiwataja miongoni mwao Sherman wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Zhukov wa Jeshi Jekundu la Wasovieti na Mmarekani Patton wa vita vikuu vya pili, watu ambao, anasema, walifyeka njia ili Presley aweze kuimba na wakachonga njia ya Martin Luther King. Kwa sikio la haraka hizi ni sifa kwa wababe. Lakini yaweke majina hayo kwenye ramani. Jeshi la Sherman ndilo lililoichoma Atlanta mwaka 1864. King alizaliwa Atlanta mwaka 1929 na humo ndimo alimozikwa. Yeye na Presley wote walifia Memphis, mmoja kwa risasi mwaka 1968, mwingine nyumbani kwake mwaka 1977. Mstari unaotoka kwa askari kwenda kwa mwimbaji na mhubiri umepita katika majivu, na mhubiri aliyekataa kumwaga damu ndiye aliyekuja kumwagiwa yake. Dylan hafafanui hayo. Anayapanga majina kwa utaratibu huo na kuendelea, kisha mistari michache baadaye anasema kwamba yeye mwenyewe ameshapita umri wake kwa mbali. Hilo tamko la uzee lingekuwa la kawaida kabisa lingesimama peke yake. Likija baada ya orodha ile, linakuwa neno la mtu aliyebakia akiwa shahidi.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati ya kulijua umbo hili kutoka nyumbani. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir inauonya moyo wa mshairi kuhusu kifo kwa kuuonyesha magofu ya Pate na mabwana wake waliokwisha kuliwa na ardhi. Onyo kwa nafsi na habari za mji ulioanguka havitenganiki humo.

Kutoka hapo albamu inaelekea kwenye nyimbo mbili za mwisho, na mpangilio wake ndio ufunguo. Wimbo wa tisa, "Key West", ni mpole, wa kodiani na mapigo ya chini, unakaribia dakika kumi, na unazungumzia kisiwa cha ncha ya Florida kana kwamba ni mahali mtu anapokwenda kutafuta kutokufa. Wengi hukumbuka utulivu wake na kusahau mstari unaoufungua. Mstari huo unamsikilizisha Rais McKinley akipiga kelele kwa maumivu, na umechukuliwa kutoka wimbo wa jadi ambao Charlie Poole aliurekodi mwaka 1926. William McKinley alipigwa risasi Buffalo tarehe 6 Septemba 1901 na Leon Czolgosz, kijana aliyejiita mwanaharakati wa kupinga serikali zote, akafariki siku nane baadaye. Ulikuwa wakati wa migomo mikubwa na chuki kali kati ya matajiri na wafanyakazi. Miongo miwili na ushei baadaye waimbaji wa milimani wa Kusini walikuwa bado wanakiimba kifo hicho kwa banjo, wimbo wa kuchezeka kabisa. Kwa hiyo peponi pa Dylan panafikiwa kwa kupitia maiti ya rais mmoja, na wimbo unaofuata ni maiti ya rais mwingine.

"Murder Most Foul" una dakika 16 na sekunde 54. Jina lake ni maneno ya mzimu katika "Hamlet" ya Shakespeare, mfalme aliyeuawa akimsimulia mwanawe, na hili lina maana: aliyeuawa ndiye anayeanza kusema, na aliyebaki amekabidhiwa jambo ambalo hajui alifanyie nini. Muziki wake karibu hauendi popote. Piano inazunguka, nyuzi zinavutwa kwa upinde, ngoma zinaguswa tu, na hakuna kibwagizo cha kuimbwa na umati. Ala zinakaa chini ya maneno jinsi waombolezaji wanavyokaa msibani bila kuwa na la kufanya ila kuwapo.

Nusu ya kwanza inasimulia Dallas. Msimulizi anahamahama: mara ni mtu wa mbali anayetaja siku na mji, mara ni genge la wauaji likimwambia mhanga kwamba lina deni la kumdai, mara ni Kennedy mwenyewe aliyekaa kiti cha nyuma kando ya mkewe, gari likimpeleka moja kwa moja ahera. Kijana aliyezomewa mwaka 1963 kwa kujiona ndani ya muuaji hapa anaingia ndani ya wauaji na ndani ya aliyeuawa kwa pamoja, na safari hii hakuna anayeweza kudai kwamba anamtetea yeyote. Wimbo unagusa maswali mengi yaliyoizunguka risasi ile kwa miongo yote, lakini hauleti ushahidi wala hauhukumu. Unachodai ni kwamba roho ya taifa iling'olewa siku hiyo na kuanzia hapo ikaanza kuoza polepole. Mtu anaweza kulikataa dai hilo, na mimi nina shaka nalo kwa sababu moja kubwa: kwa familia ya Hattie Carroll, na kwa mamilioni ya watu weusi wa nchi ile, roho hiyo haikuwa nzima kabla ya Novemba 1963. Nadhani Dylan analijua hilo, na nusu ya pili ndiyo inayonifanya nidhani hivyo.

Nusu hiyo ni maombi ya nyimbo. Msimulizi anamgeukia Wolfman Jack, mtangazaji wa redio wa zama zile aliyefariki mwaka 1995, na kumwambia ampigie hiki, ampigie kile: John Lee Hooker, Nat King Cole, Thelonious Monk, Charlie Parker, filamu, tamthilia, nyimbo za ngoma na za kanisani. Wengi wa waliotajwa ni marehemu, na sehemu kubwa ya kiini cha orodha ni kazi ya Wamarekani weusi. Ni rahisi kuiona orodha hii kama mzee anayekumbuka ujana wake. Isikilize upya pale anapoomba arudishwe Tulsa. Maneno hayo ni ya wimbo wa kuchezea dansi wa Bob Wills, lakini Dylan anaongeza kwamba anataka arudishwe mahali ulipotendwa uhalifu. Tulsa, mji wa jimbo la Oklahoma, mwaka 1921 kundi la wazungu liliteketeza mtaa wa Greenwood wa watu weusi na kuwaua wakazi wake, na kwa miongo mingi tukio hilo halikufundishwa shuleni. Nyongeza moja fupi inaugeuza wimbo wa dansi kuwa jina la kaburi. Katika orodha hiyohiyo mna "Marching Through Georgia", wimbo wa kushangilia msafara wa Sherman baada ya Atlanta kuchomwa, hivyo tumerudi palepale alipotufikisha mama wa kumbukumbu.

Ombi la pili kutoka mwisho ni "The Blood-Stained Banner", bendera iliyotapakaa damu, jina ambalo watu waliipa pia bendera ya mwisho ya majimbo ya Kusini yaliyopigania kubaki na utumwa. Dylan alilirekodi jina hilo bila kujua kitakachofuata. Tarehe 28 Juni 2020, siku tisa baada ya albamu kutoka na kwa shinikizo lililozaliwa na maandamano, bunge la Mississippi lilipiga kura ya kuiondoa bendera ya jimbo hilo kwa kuwa ilibeba alama ya majimbo hayo. Hii ndiyo sababu albamu ilisikika kama habari ya siku ile. Ilikuwa imeyaita majeraha kwa majina yake ya zamani, na majeraha hayo yalikuwa hayajafunga.

Kuhusu Floyd mwenyewe, Dylan alizungumza nje ya nyimbo. Katika mahojiano na mwanahistoria Douglas Brinkley yaliyochapishwa na New York Times mwezi huo wa Juni, alisema kwamba kumwona mtu akiteswa hadi kufa namna ile kulimchefua kupita kiasi, na kwamba anatumaini haki itaifikia haraka familia yake na taifa. Alipoulizwa kama huwa anafikiria kufa, alijibu kwamba anafikiria kifo cha jamii yote ya wanadamu, na kwamba hulifikiria jambo hilo kwa ujumla wala si kama habari yake binafsi. Wapo waliolichukua jibu hilo kama ukwepaji. Kwa aliyeisikiliza albamu hadi mwisho, ni maelezo sahihi kabisa ya alichokifanya.

Ombi la mwisho kabisa kwa mtangazaji ni "Murder Most Foul", wimbo uleule unaoendelea kuimbwa. Dylan ameuweka wake mwishoni mwa safu ya nyimbo za wafu, akiomba upigwe pamoja nazo. Kwenye diski pia umetengwa, ukiwa peke yake kwenye sahani ya pili. Ziara ya kuitangaza albamu ilipoanza Milwaukee tarehe 2 Novemba 2021, nyimbo tisa za kwanza ndizo zilizoingia jukwaani kwa awamu, na huu wa kumi akauacha nje. Nafikiri sababu imo ndani ya wimbo wenyewe: umeandikwa uombwe redioni na mtu mwingine, wakati aliyeutunga hayupo tena kuuimba.